Viganja vyangu vinalowa, na si kwa sababu ya woga

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mwaka wa 19 huu. Kwa muda mrefu kitambaa nilichokiogopa kuliko vyote ni satini nyeupe. Ukiishika kwa kiganja chenye maji inabaki na doa, na mara nyingine hata ukiifua haitoki vizuri. Sindano zangu za mkono zilikuwa zinashika kutu ndani ya siku chache. Mezani sikukosa vitambaa viwili vya kufutia mikono na kopo la poda, na mteja akiuliza nasema ni joto tu. Lakini hata mwezi wa saba, kusi inavuma na watu wamejitanda khanga, viganja vyangu vilikuwa vinachuruzika jasho.

Nimeambiwa mengi. Wapo walioniambia nina moyo mwepesi, na yupo aliyesema mkono wa jasho ni wa mtu mwenye siri. Nikapaka ndimu, nikaloweka mikono kwenye maji ya chumvi, nikanywa majani ambayo hata jina sikutajiwa. Kuna mahali nilikwenda kutibiwa nikaambiwa nipunguze mawazo, nikarudi na vidonge vya usingizi. Baada ya hapo nilinyamaza miaka sita. Miaka hiyo inaniuma, maana dawa iliyokuja kunisaidia wakati huo tayari ilikuwepo.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa ngozi. Alinikausha kiganja, akakipaka iodini, akasubiri ikauke, kisha akaninyunyizia wanga mweupe juu yake kama anayepaka poda mtoto. "Mama, tazama," akasema. Vikaanza kujitokeza vitone vya bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, kimoja kimoja kwenye ncha za vidole, halafu vikasambaa na kuungana hadi kiganja kizima kikawa cheusi. Kila kitone, akanieleza, ni mdomo wa tezi moja ya jasho. Sikuwahi kuuona ugonjwa wangu kwa macho kabla ya siku ile.

Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Kila moja ni kijimrija chembamba kilichojisokota chini ya ngozi kama uzi uliochomoka kwenye bobini, ncha yake ikitokeza juu. Jasho la tezi hizi ni maji na chumvi kidogo, na likikauka linaondoka na joto la mwili. Amri inatoka kwenye ubongo, inapita kwenye mishipa ya fahamu. Tezi nyingi hufuata joto, ila zile za viganja na nyayo, ambako zimesongamana kuliko kwingine, hufuata zaidi hisia: hofu, haraka, furaha. Kwa mtu kama mimi tezi zenyewe ni nzima, kinachozidi ni amri. Na ukianza kuogopa kulowa, unazidi kulowa. Walioniita mwoga walikuwa wanaanzia mwisho wa hadithi.

Aliniuliza maswali manne ambayo nawe ujiulize. Lilianza lini? Ni mikono yote miwili? Ukilala linaendelea? Nani mwingine nyumbani analo? Langu lilianza utotoni, pande zote mbili, na usingizini mikono hukauka. Huo ndio ugonjwa wa jasho wenyewe. Lakini kama umeanza ukubwani, mwili mzima, au unaamka usiku shuka imelowa chapachapa, tena unakonda, unakohoa, una homa au moyo unakwenda mbio, usihangaike na dawa za mikono. Nenda kapime. Kifua kikuu, malaria na tezi ya shingo iliyozidisha kazi vyote hutoa jasho, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akilowa ghafla huku anatetemeka, huenda sukari imeshuka na anahitaji kitu kitamu papo hapo.

Mimi nilipewa dawa ya maji ya alumini kloridi. Inaziba midomo ya tezi kwa muda. Hupakwa usiku wakati wa kulala, kwenye ngozi kavu kabisa isiyo na mchubuko, na huoshwa asubuhi. Nilipokosea nikapaka mikono ikiwa na unyevu, iliwasha mpaka machozi yakanitoka. Ipo pia tiba ya kutumbukiza viganja kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo sana, ila haiwafai wajawazito wala wenye kifaa cha umeme moyoni. Zipo na sindano zinazonyamazisha mishipa kwa miezi kadhaa. Operesheni ya kukata mshipa kifuani niliikataa, kwa sababu wengi waliofanyiwa, mikono hukauka kisha jasho likahamia mgongoni na tumboni, na huko halirudishwi. Sijapona. Ila satini naishona.

Kuna jambo la pili, na hili nalisema kwa uchungu. Binti ninayemfundisha kazi alikuwa hanyanyui mkono wa kulia. Nilidhani uvivu, nikamkaripia. Siku moja nikaona usaha umepenya kwenye gauni lake. "Mama, naona haya," akaniambia. Alikuwa na majipu kwapani, yanapasuka, yanapona, yanarudi palepale na kuacha makovu kama kamba, na kwao walimwambia haogi. Zamani hata madaktari walidhani yanaanzia kwenye tezi za jasho. Sasa inajulikana kwamba kinachoziba ni kitundu cha unywele. Majipu ya namna hii hayaambukizi, na hayaletwi na uchafu. Sigara na uzito mkubwa huyachochea. Usiyakamue. Jipu likirudi palepale kwapani, kwenye kinena au chini ya matiti, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa ngozi, maana yakiachwa huchimba njia chini kwa chini. Kwenye hospitali ya KCMC kule Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu hao kutoka nchi nyingi za Afrika, na binti yangu alitibiwa na mmoja aliyesomea huko.

Vipele vya joto vya watoto wachanga ni jambo dogo: mirija ya jasho imeziba. Mvue sweta, mwogeshe, acha mafuta mazito.

Lile swali la nne ndilo nililobaki nalo. Marehemu baba hakuachia leso mkononi maisha yake yote, na sisi tulidhani ni unadhifu. Sasa mwanangu wa darasa la nne anarudi na madaftari yaliyojikunja kurasa. Nimekwenda kuongea na mwalimu wake, nikampa mkono wangu aushike. Siku za mtihani mtoto anapewa karatasi nyingine ya kuweka chini ya kiganja.