Kabla Hajampenda, Mpe Nyumba

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia: "Dada, kuna kijana nampenda miaka yote hii na yeye hana habari. Nimeanza riwaya juu ya jambo hilo, sasa nimekwama. Kila ukurasa unarudia ule uliotangulia. Nifanyeje?"

Ujumbe wake umenikuta siku nzuri. Mchapishaji alikuwa ametoka kunipigia simu kusema muswada wangu umekubaliwa, baada ya kukataliwa na wengine ambao sitawataja, ingawa roho inataka sana kuwataja. Na riwaya yangu nayo ni ya mapenzi ya upande mmoja. Kwa hiyo nakujibu wewe, mdogo wangu, na wenzako wenye miswada ya aina hiyo chini ya godoro wasikilize. Najua mko wengi.

Naanza na yangu. Nilimpenda mtu. Tulikutana Maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, tukigombea meza moja ya karibu na dirisha. Alikuwa mcheshi, msomaji hodari, na akipita kwa wauza vitabu vya mitumba hakosi kuniletea kimoja. Mimi nikahesabu kila kitabu kama posa. Kumbe kwake kitabu ni kitabu tu. Mbele za watu aliniita "mwalimu wangu wa Kiswahili", wakacheka, nami nikacheka nao. Alipokaribia kuoa alinitumia hotuba yake ya harusi nimsahihishie. Niliisahihisha. Pale alipoandika "mapenzi yangu kwako ni kubwa" nikaweka "ni makubwa", ngeli zote zikakaa sawa, nikamrudishia na salamu za heri. Ukumbi mzima ulimpigia makofi kwa Kiswahili changu.

Baada ya harusi hiyo niliandika kama mtu mwenye homa. Mhusika wangu nikamwita Rehema, lakini rasimu ya kwanza ilikuwa yule kijana mwanzo mwisho: macho yake, shati lake la buluu, hata kikohozi chake. Mhariri mmoja, mama mtu mzima, alinirudishia akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Huyu Rehema ni nani, ukiacha kumtazama mwanamume?" Aisee. Siku ya harusi sikuumia hivyo. Angeweza kusema kwa upole, na siku tutakapokutana nitamwambia. Lakini swali lake lilinifuata mpaka Pumwani, kwa nyanya.

Nyanya yangu anaishi Majengo, humo humo Pumwani, na mama yake alikuwa na nyumba Pangani. Usifikirie Pangani hii ya maghorofa na magari ya Thika Road. Nasema kile kijiji cha zamani ambacho Waafrika walijijengea wenyewe kando ya mji, mji ambao mwaka 1899 ulikuwa kambi ya reli tu. Pangani, na baadaye Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika mapema miaka ya 1920, wanawake wengi walikuwa wenye nyumba. Na ninaposema wenye nyumba, nina maana kwamba walijenga kwa pesa zao, wakapangisha vyumba, na mwisho wa mwezi wakapita mlango hadi mlango kudai kodi kwa wanaume. Mwanamume alikuja Nairobi na kipande chake cha utambulisho shingoni, akapanga chumba, akafanya kazi, akarudi kwao shambani. Mwanamke aliyekimbia kwao hakuwa na pa kurudi. Alijenga hapa hapa.

Mwaka 1939 Pangani ilibomolewa ikaisha. Wengi walihamishiwa Shauri Moyo, mtaa ambao baraza la mji liliujenga kwa ajili hiyo.

"Mama aliondoka na mlango," nyanya akaniambia. "Mlango wenyewe, na bawaba zake, na kufuli. Kule Shauri Moyo haukuenea popote. Ukageuzwa meza."

Nikamuuliza pesa za kujenga nyumba ile zilitoka wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Watafiti wa historia ya Nairobi wameshaliandika wazi: baadhi ya wanawake wale walijenga kwa pesa za umalaya, wengine kwa kuuza pombe, wengine kwa hiki kidogo na kile kidogo. Nyanya hajasema wake alikuwa yupi, nami sikumsukuma, maana mzee akikuuliza kama umekula ujue mazungumzo yamefungwa. Katika riwaya niliamua mwenyewe. Shangazi yangu amesoma sura ya tatu na tangu Idi hajapokea simu yangu. Huyu ndiye aliyenilea akiniimbia "mkataa kwao mtumwa" kila nilipoona haya kusema natoka Majengo. Basi, shangazi, kama unasoma hapa: mimi kwetu sijakukataa. Nimekukubali mpaka pale nyinyi mlipofunika na zulia.

Sasa tazama hadithi ilivyogeuka. Rehema akawa kitukuu wa mwanamke mwenye nyumba. Ana ploti ndogo ya urithi, vyumba vya mabati, na daftari la kodi lililoandikwa kwa hati ya wafu wake. Yule kijana nikamfanya mpangaji. Kila mwisho wa mwezi Rehema lazima agonge mlango wa mtu anayempenda, na akifunguliwa lazima aseme, "Kaka, kodi." Moyo unamdai, daftari linamdai. Akimsamehe mwezi mmoja, je, amemsamehe kwa huruma au anajinunulia tabasamu? Na yule mama mwenye nyumba wa zamani, aliyejua bei ya kila tabasamu mjini humu, angesemaje? Kurasa zilianza kujiandika. Nililala nikaamka naandika.

Hilo ndilo jibu lako, mdogo wangu. Kabla hajampenda mtu, mpe mhusika wako kitu chake. Nyumba ikipatikana ni bora, lakini hata cherehani, hata jina la ukoo lenye kesi mahakamani, hata deni la babu. Mtu asiye na chochote akipenda bila kupendwa, msomaji humhurumia kurasa mbili tatu kisha anafunga kitabu. Mwenye kitu chake ana cha kupoteza. Kwa hiyo mpe kitu.

Utakipata wapi? Anza kwa wazee wako, na uende ukiwa na sukari na subira. Nenda Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki. Nenda McMillan ukaombe magazeti ya zamani. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mama yake nyanya angefukuzwa mlangoni. Wewe ingia, keti, na safari hii usimtafute mtu wa meza ya dirishani.

Na huyo kijana wako usimpe asome rasimu. Nakuomba. Atakuambia ni nzuri, na utakaa wiki nzima ukipima kama "nzuri" ina maana nyingine. Haina.

Nje ya karatasi pia, jiulize una nini kabla yeye hajakutazama. Mabinti wa mji huu tunatembea kama watu wasio na kwao, tukingoja mtu mmoja atusome ndipo tuamini tumeandikwa. Una watu nyuma yako waliobomolewa nyumba na wakahama na mlango. Ukimkosa mtu mmoja wa McMillan utalia, hata mimi nililia, kisha utaamka ukadai kodi.

Haya, naishia hapa, maana mchapishaji ametuma picha ya jalada na nina vita vipya. Wameweka waridi jekundu na mwanamke mwenye shingo ndefu anayetazama machweo. Hakuna nyumba. Hakuna mlango. Nimeshawajibu, na safari hii ngeli ziko sawa lakini upole haumo.