Nimeitubu dhambi ileile kila usiku, mbona bado naogopa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Kabla sijaokoka nilikuwa mtunza hazina wa kikundi, nikala fedha za watu. Hakuna aliyejua. Nina miaka minne katika wokovu na dhambi hiyo nimeitubu, nimeifungia, nimeikeshea, na kila wanapoitwa wanaotaka kuombewa mimi huenda mbele. Nikiomba napata nafuu, lakini hakujapambazuka hofu imesharudi. Siku hizi maneno machafu juu ya Roho Mtakatifu hunijia katikati ya sala, naogopa nimetenda dhambi isiyosameheka. Hata Meza ya Bwana nimeacha kushiriki. Nakosea wapi?

JIBU: Amina, mpendwa. Shida yako si kwamba umetubu kidogo. Umetubu kupita kiasi upande mmoja, na upande wa pili kuna deni ambalo toba zote hizo hazijaligusa. Umechanganya mambo matatu: hatia yako mbele za Mungu, deni lako kwa watu, na hofu iliyozoea kukutembelea usiku. Kila moja lina dawa yake.

Tuanze na hatia mbele za Mungu. 1 Yohana 1:9 inasema, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu." Sharti lililotajwa hapo ni kuungama. Hakuna wingi wa machozi wala idadi ya siku za kufunga. Angalia pia kwamba msamaha unaitwa haki. Kama Kristo alikwisha kulipa msalabani, kukudai wewe tena ingekuwa dhuluma, na Mungu si dhalimu. Kufunga ni jambo jema, ila ukifunga ili ujiadhibu, unajaribu kulipa kilicholipwa, na ndiyo maana hujui utamaliza lini.

Basi ungama mara moja tu, na uungame vizuri. Tenga nusu saa. Andika kwenye karatasi ulichukua nini, kiasi gani, kwa nani, na uongo uliousema kuficha. "Nilikosea" haitoshi, na "shetani alinipitia" ifute kabisa. Isome mbele za Mungu, na ikiwezekana awepo Mkristo mmoja aliyekomaa na anayetunza siri, kwa mujibu wa Yakobo 5:16. Mtu mmoja tu. Kusanyiko zima halina kazi hapo. Andika tarehe chini ya karatasi. Kuanzia siku hiyo dhambi hii huiungami tena. Ikikujia katika sala, unashukuru kwamba imesamehewa.

Sasa deni la watu. Nadhani hapa ndipo dhamiri yako inapokushtaki kwa haki, na ukiendelea kuikemea kama pepo haitanyamaza. Torati katika Hesabu 5:7 ilimtaka mkosaji aungame, arudishe mali yote, na aongeze sehemu ya tano: aliyechukua 100 anarudisha 120. Zakayo, mtoza ushuru, katika Luka 19:8 aliahidi kurudisha mara nne. Sikupi hesabu hizo kama sheria ya kukufunga, lakini zinaonyesha kwamba kurudisha ni sehemu ya kutubu.

Piga hesabu ya ulichochukua. Kama kumbukumbu zimepotea, kadiria kwa kuzidisha, usipunguze. Kabla hujakutana na kikundi, zungumza na mwanasheria, kwa kuwa kosa hilo linaweza kufikishwa mahakamani, na msamaha wa Mungu haumzuii hakimu. Kisha sema kwa ufupi: nilichukua kiasi hiki, nikawadanganya hivi, nitarudisha kwa awamu hizi. Ishia hapo. Wengi huharibu kwa kueleza shida walizokuwa nazo wakati ule, au kwa kumng'ang'ania aliyeibiwa aseme "nimekusamehe" papo hapo. Aliyeumizwa ana haki ya kuhitaji muda, na akikataa kabisa, msamaha wako kwa Mungu hauondoki. Kama mmoja wao ameshafariki, sehemu yake wapewe warithi.

Kuna wanaotuma fedha kimyakimya bila jina. Fedha zinarudi kweli, lakini mtunza hazina aliyefuata anaendelea kushukiwa kwa wizi usio wake. Kwa kesi yako njia hiyo haifai. Hata hivyo, si kila dhambi inapelekwa kwa mtu. Ulimchukia jirani moyoni na yeye hajui? Malizana na Mungu. Ukimwendea utakuwa umejitua mzigo kwa kumtwisha yeye.

Lililobaki ni hofu yenyewe, na ndilo gumu zaidi. Toba ya kurudiarudia inafanya kazi kama kukuna upele: unapata raha kidogo, kisha muwasho unarudi na nguvu mpya. Kila unapoungama upya, unaifundisha akili yako kwamba ungamo lililotangulia halikufaa. Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, alipokuwa mtawa kule Erfurt, Ujerumani, aliungama kwa saa nyingi asipate amani. Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, alisumbuliwa na jambo hilohilo kule Manresa, Hispania, mwaka 1522, hadi alipoamua kutoungama tena dhambi za zamani alizokwisha kuziungama. Watu hawa wawili wasingekubaliana katika mengi, lakini ugonjwa wao ulikuwa mmoja.

Shitaka likija usiku, lipime. Roho Mtakatifu anapomgusa mtu hutaja jambo mahususi na kumwonyesha njia ya kutokea: rudisha, patana, acha. Mshitaki, yaani shetani, husema kwa jumla: wewe ni mchafu, Mungu amekuchoka, huna pa kwenda. Paulo katika 2 Wakorintho 7:10 anatofautisha huzuni iletayo toba na huzuni iletayo mauti. Ukiona ni la aina ya pili, jibu mara moja tu kwa sauti kwa Warumi 8:1, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu," kisha ulale au uendelee na kazi. Usirudie andiko mara kumi hadi utulie, kwa kuwa hapo litakuwa limegeuka hirizi. Usijichunguze kama amani imekuja. Siku za mwanzo hofu itapanda, kwa sababu umeinyima ilichozoea kupewa. Wengi hukata tamaa hapo, wanarudi mbele kuombewa, na mzunguko unaanza upya. Nadhiri za "nikirudia unilaani" nazo ziache. Zinaongeza kitu kingine cha kuogopa.

Kuhusu dhambi isiyosameheka, soma Marko 3:22-30 mpaka mwisho. Waandishi, yaani walimu wa sheria, waliona kazi ya Roho wakasema kwa kukusudia kwamba Yesu anatoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Aya ya 30 inaeleza kwa nini Yesu aliwaonya juu ya dhambi hiyo: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu." Hawakuwa wakilia usiku wakitafuta msamaha. Wazo linalokujia bila kulitaka, ukalichukia, si kufuru uliyoichagua. Petro alimkana Bwana mara tatu, akaapa, na siku ya Pentekoste ndiye aliyesimama kuhubiri. Mawazo hayo usishindane nayo kwa sala ya kuyafuta, maana ukiyakimbiza yanaongezeka. Yaache yapite, nawe umalizie sala uliyoianza.

Kama mawazo haya yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au unalazimika kurudia sala au kuosha mikono ndipo utulie, muone daktari wa akili au mwanasaikolojia. Kuna hali inayotambulika ya wasiwasi wa kujirudia ambayo hushika mambo ya dini, na ina tiba ya mazungumzo na dawa. Kwenda huko si kukosa imani. Mwambie mchungaji wako pia, na umwombe asikuhakikishie upya kila unapompigia simu. Uhakikisho wa kila siku ni kukuna kulekule. Ukianza kuona afadhali kufa, usingoje: tafuta msaada siku hiyohiyo na usibaki peke yako.

Kuhusu Meza ya Bwana, "isivyostahili" ya 1 Wakorintho 11:27 ilisemwa kwa watu waliokula kwa pupa na kulewa huku wenzao wakikaa na njaa. Soma aya ya 21. Na aya ya 28 haisemi mtu ajihoji kisha akae nje. Inasema, "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate." Ukishaandika ile karatasi na kuanza mpango wa kurudisha fedha, shiriki Meza inayofuata, hata kama hofu itakuwa bado ipo siku hiyo.