Sisi Tunaorusha Droni Ndio wa Kwanza Kuhitaji Sheria

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza kwanza wanunue droni ya aina gani. Nami huwauliza: kibali utakipata wapi, na mteja wako wa kwanza ni nani? Wengi hunyamaza. Wameshaweka akiba, wanajua kamera ipi ina nguvu kuliko ipi, lakini kanuni hawajafungua hata ukurasa mmoja. Ndiyo maana nimeandika haya. Mjadala wa kama serikali iruhusu droni za biashara tumewaachia mawakili na maafisa wa usalama, ilhali kanuni zikiwa mbovu, au zisipokuwepo kabisa, tunaoumia ni sisi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Serikali iziruhusu, izisimamie, na uzito wa masharti ulingane na hatari ya kazi yenyewe. Marufuku huwatoa kazini watu waangalifu na kuwaachia uwanja wasiojali.

Hapa Kenya tumeliona hilo kwa macho. Kanuni za kwanza zilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2017. Mwaka uliofuata Bunge likazifuta. Kanuni tulizo nazo leo zilianza kutumika mwishoni mwa Machi 2020, na katika pengo lile mtu wa kawaida aliyetaka kurusha droni kihalali kwa biashara hakuwa na mlango wa kubisha. Je, droni hazikuruka? Tazama video za harusi za Mombasa na Malindi za miaka hiyo, uone picha za baharini na za juu ya mapaa. Mimi wakati huo nilikuwa napiga video bila droni, na wateja walikuwa wakiniambia wazi kwamba wanakwenda kwa fulani kwa sababu "ana ile ya juu." Fulani huyo hakuwa na bima wala mafunzo, na siku droni ilipomwangukia mtu begani hakuna aliyejua aende kwa nani kudai gharama za matibabu. Mwenye kutii sheria alikosa kazi, na raia alikosa pa kulalamikia.

Tumeyapitia haya na bodaboda. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zikafurika barabarani, vijana wengi wakapata riziki, na hilo ni jambo jema. Lakini mafunzo, leseni na bima vilikuja vikichechemea nyuma, na wodi za mifupa katika hospitali zetu zikawa mashahidi. Kazi ikishatangulia mbele ya sheria kwa miaka mingi, kuirudisha kwenye mstari ni vita. Droni bado ni chache. Wakati wa kuweka utaratibu ni huu.

Sasa nieleze kwa nini nasema sheria ni ya kutulinda sisi pia, na nitaanza na harusi kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia.

Anayeijua pwani anaijua shughuli ya kupamba. Ni usiku wa wanawake watupu. Bibi harusi anatolewa, mabuibui yamevuliwa mlangoni, nywele ziko wazi, watu wamevaa walivyopenda kwa sababu wanajua hakuna jicho la mwanamume. Simu zinakusanywa getini au zinabandikwa karatasi juu ya kamera. Sasa fikiria uwanja umezungushiwa maturubai pande zote, juu ni wazi, na ghafla kunasikika mvumo ule kama wa nyuki. Nilikuwa nje ya uwanja wa namna hiyo, upande wa wanaume, mvumo uliposikika. Zilianza kelele, halafu wanawake wakatoka mbio wamejifunika leso na hata vitambaa vya meza. Aliyerusha alikuwa kijana aliyeajiriwa na jirani kupiga picha za nyumba ya kuuza, na huenda hakurekodi chochote. Nani angemwamini? Wazee walimnyang'anya rimoti, na kama si mjomba wa bwana harusi kusimama katikati, angepigwa.

Kanuni zinasema usirushe ndani ya mita 50 kutoka kwa watu na majengo usiyo na idhini nayo, na usipite futi 400 kwenda juu, yaani kama mita 120. Ni masharti mazuri kwa ajili ya usalama wa mwili. Lakini stara haipimwi kwa mita. Kamera za siku hizi zinavuta sura ya mtu kutoka mbali kuliko hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu dhidi ya kuchukuliwa picha yake na kutumiwa bila ridhaa, ila mwananchi wa kawaida hajui aende nayo wapi, na mrusha droni hajui kwamba inamhusu. Ningependa kanuni za droni zenyewe ziseme waziwazi: anayerusha juu ya makazi awataarifu wakazi kabla, ajitambulishe, na avae kitu chenye namba ya usajili ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuilalamikia.

Mimi huwataarifu wakazi hata pasipo kulazimishwa. Kabla ya kazi yoyote mtaani huzunguka nyumba za karibu kwa miguu, nikasalimu, nikaeleza: nitarusha saa fulani, upande huu, kwa dakika hizi, shughuli hii. Mara nyingine mama wa nyumba hunijibu, "Baba, subiri binti zangu waanue nguo waingie ndani." Nasubiri. Dakika 10 hizo zimeniletea wateja kuliko tangazo lolote.

Kwenye mashamba jambo ni zito zaidi. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kupiga ramani: droni inakwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, inapiga mamia ya picha zinazoingiliana, kisha programu inaziunganisha kuwa picha moja ambayo unaweza kuhesabu juu yake mikorosho mmoja mmoja. Kwa chama cha wakulima ni hazina. Wanajua miti mingapi imezeeka, maji yanatuama wapi, miche mingapi waagize. Lakini Kilifi na Kwale, chombo kinachopita juu ya ardhi kikipiga picha hakiangaliwi kama chombo cha kilimo. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila hati ya ardhi waliyokuwa wakiilima, na tangu hapo kila mpimaji aliyeonekana na vifaa vyake ameacha nyuma yake hofu kwamba kuna mtu anahamishwa. Bibi mmoja upande wa Ganze alinijia na jembe begani, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kinampimia nani shamba langu?" Niliishusha droni, nikamkalisha kivulini, nikamwonyesha kwenye skrini paa lake la makuti, mbuzi wake, na mpaka wa minyaa. Akaangalia kimya, kisha akataka kujua picha hiyo itakaa kwa nani. Tangu nianze kazi hii sijaulizwa swali zito kuliko hilo, na sijaona jibu lake wazi katika kanuni zetu. Zinajali zaidi droni ikiwa hewani. Picha ikishatua kwenye kompyuta ya mtu, mtu kama bibi huyu hajui amuulize nani.

Zanzibar walilishika jambo hili kwa namna inayofaa kuigwa. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, walianza kupiga ramani Unguja na Pemba kwa droni ndogo zenye mabawa. Waliorusha walikuwa vijana wa humo humo, na kazi ilikuwa ya umma chini ya ofisi inayojulikana. Mtu akiuliza ramani inakwenda kwa nani, kuna mlango wa kumwelekeza.

Serikali zina hofu zao, na sitaki kuzidharau. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulisimama kwa sababu ya taarifa za droni kuonekana karibu na njia ya ndege. Safari zipatazo 1,000 zilifutwa au kugeuzwa, na abiria wapatao 140,000 wakakwama kuelekea Krismasi. Huko ni mbali, lakini hapa kwetu mwambie anayerusha droni ufuoni Diani atazame juu: ndege ndogo za watalii zinashuka kiwanja cha Ukunda zikiwa chini kabisa, karibu kabisa na hoteli. Kwa uwanja wa Moi pale Mombasa, umbali wa kilomita 10 unaotakiwa na kanuni unameza Makupa, Tudor na sehemu kubwa ya kisiwa. Kuna waliokasirika nilipowaambia siwezi kurusha juu ya harusi ya Tudor bila kibali maalumu. Acha wakasirike. Na ukipata kazi Lamu, kumbuka kwamba huko watu wameishi na mashambulizi, kafyu na operesheni za jeshi. Askari anayeona kitu kinaruka juu ya kambi yake hana muda wa kukuuliza kama unapiga picha ya mashua. Nenda kwa kamanda wa polisi kwanza, kisha kwa chifu, uchukue idhini kwa maandishi, utembee nayo.

Ila hofu ikiandika kanuni peke yake, matokeo yake ni mlango mmoja mwembamba kwa watu wote. Nchi iliyonishawishi kwamba yawezekana kufanya vinginevyo ni Rwanda. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo cha Muhanga. Ndege ndogo inarushwa kwa mtambo unaoisukuma kwenye reli, ikifika juu ya hospitali inaangusha boksi kwa parachuti, inarudi bila kutua. Serikali haikusubiri sheria kamili ya kila aina ya droni. Iliruhusu kazi moja yenye faida inayoonekana, njia zikapangwa na mamlaka ya anga ikawa inajua ndege iko wapi, kisha kwa kujifunza hapo ikatoa mwaka 2018 kanuni zinazomtaka mwombaji aonyeshe jinsi atakavyodhibiti hatari ya kazi yake mahususi. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba damu iliyotupwa kwa kupitwa na muda katika vituo vilivyohudumiwa ilipungua kwa takriban thuluthi mbili. Mwaka 2018 huo huo, nchini Tanzania, kampuni za Wingcopter na DHL zilijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni: kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40. Atakayeniambia droni ni mchezo wa matajiri, nitamwomba akamuulize mama aliyejifungulia kisiwani.

Kanuni zetu za Kenya zinagawa kazi kwa kiwango cha hatari, A, B na C, na kwa maandishi hilo ni sawa kabisa. Shida iko kwenye utekelezaji. Kijana mwenye droni isiyofika kilo moja, anayetaka kupiga picha mashamba ya mihogo, anakutana na rundo la fomu, ada, mwongozo wa uendeshaji wa kuandika mwenyewe, na safari za Nairobi. Akikata tamaa anarusha kimyakimya, na tumerudi kule kule kwa 2018. Ningeomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ifanye mambo mawili tu kwa kuanzia: iweke muda maalumu ambao ombi la kazi ya hatari ndogo lisipojibiwa linahesabiwa limekubaliwa, na ifungue Mombasa na Kisumu madawati yenye uwezo wa kuamua. Forodha nayo iwe na kauli moja na Mamlaka hiyo, maana chombo kikishakwama bandarini au uwanjani, msimu wa kazi umepita.

Mpaka hayo yafike, wewe unayeanza fanya hivi. Pata mafunzo na leseni kabla ya kununua chombo kikubwa, na usiilete droni kutoka nje kabla ya kibali cha kuiingiza kuwa mkononi. Kata bima ya madhara kwa watu wengine hata pale mteja hakuulizi. Andika mkataba unaosema picha ni za nani, zitahifadhiwa kwa muda gani, na zitafutwa lini. Mimi hubakiza nakala kwa chama cha wakulima chenyewe, na mnunuzi wa korosho akizitaka anawaomba wao. Nenda kwenye baraza la chifu ujitambulishe, na ikiwezekana umfundishe kijana wa kijiji kile kushika rimoti.

Na ujue pwani yako. Msimu wa kusi, hasa Juni na Julai, upepo wa mchana unakuchezea. Droni inatoka na upepo mgongoni kwa raha, betri ikiwa nusu unaigeuza, na sasa inapigana na upepo ule ule ikirudi. Rusha asubuhi mapema, anza kwa kwenda kinyume cha upepo, na igeuze betri ingali juu ya nusu. Mwewe wakiwa na vifaranga, acha eneo hilo. Kunguru wa Mombasa nao hujipanga kundi zima wakaifukuza, na propela moja ikivunjika juu ya soko, kinachoshuka ni kilo nzima ya plastiki na betri juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo juu ya soko sirushi, kwa bei yoyote.