Nyayo zinazowaka moto si sumu inayotoka

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 44. Mwaka jana niliambiwa nina fibromayaljia baada ya kuumwa mwili mzima kwa muda mrefu. Dawa ya usiku niliyopewa ilinisaidia kulala, ila niliiacha baada ya muuza virutubisho kuniambia kwamba shida yangu ni upungufu wa vitamini. Huu ni mwezi wa tano natumia kidonge chenye B1, B6 na B12 asubuhi na jioni, kidonge cha vitamini D cha yuniti 50,000 kila siku, na dripu ya vitamini mara moja kwa mwezi. Maumivu yako palepale, choo kimekuwa kigumu, na sasa nyayo zinawaka moto kisha zinakufa ganzi. Muuzaji anasema ni sumu zinatoka, niongeze dozi. Niongeze?

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze. Vidonge vya aina zote mbili acha leo, dripu inayofuata usiende, na usipitishe kesho bila kupimwa damu: kalsiamu, kreatinini (kipimo cha figo), vitamini D, sukari na homoni ya thairoidi. Kipimo cha B12 kiache kwa sasa. Umeimeza miezi mitano, kitasoma juu tu. Hicho kilitakiwa kupimwa kabla ya kidonge cha kwanza.

Kuna maneno ninayoletewa karibu kila siku ya kliniki: vitamini B huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ikizidi hutoka na mkojo. Mtu hata huonyeshwa mkojo wake wa njano kali kama ushahidi. Njano ile ni ya B2, na haisemi lolote kuhusu B6. Mwanamke wa umri wako anahitaji takriban miligramu 1.3 za B6 kwa siku, na chakula cha kawaida humpa kiasi hicho. Sasa geuza kopo usome mstari wa pyridoksini, ndilo jina la B6. Vidonge vya mchanganyiko huu mara nyingi hubeba miligramu 100 au 200 kila kimoja, na wewe unameza viwili kwa siku. Marekani wanataja miligramu 100 kwa siku kuwa mwisho kwa mtu mzima. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2023 ilishusha mwisho huo hadi 12.

B6 ikizidi kwa miezi huharibu neva za hisia, na zile ndefu zinazofika miguuni ndizo hutangulia kuumia. Fibromayaljia yenyewe huweza kuleta vichomi na ganzi, lakini mara nyingi vya kuhamahama, leo mkono kesho shavu. Ganzi inayoanzia vidoleni miguu yote miwili na kupanda taratibu kama soksi inataka uchunguzi wa neva. Daktari akupime kama unahisi mtetemo kwenye vifundo vya miguu, na uwezo wako wa kusimama miguu pamoja ukiwa umefumba macho. Ukiyumba, usisubiri miadi ya mwezi ujao.

Jambo moja ujue mapema: ukishaacha B6, moto wa nyayo unaweza kuzidi kidogo kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kupungua. Hapo ndipo wengi hurudia kidonge wakidhani kukiacha ndiko kumewadhuru. Nafuu hupimwa kwa miezi, na kwa wengine ganzi kidogo hubaki.

Kuhusu vitamini D, nadhani najua kosa lilipoingia. Yuniti 50,000 ni dozi ya mara moja kwa WIKI, kwa kawaida wiki nane, kwa mtu ambaye kipimo chake kimeonyesha upungufu, yaani chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Baada ya hapo hushushwa hadi yuniti 1,500 au 2,000 kwa siku. Wewe umekunywa dozi ya wiki kila siku. Vitamini hii hukaa kwenye mafuta ya mwili, na kiwango chake huchukua wiki hadi miezi kushuka hata ukiiacha. Ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu: choo kigumu, kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kichefuchefu, baadaye figo. Choo ulikitaja kama jambo la pembeni. Kwangu ndicho kilichonifanya niandike “kesho”. Ukianza kutapika au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vitamini hutibu upungufu wa vitamini. Mwenye upungufu mkubwa wa D huumwa mifupa na misuli, hata akafanana na mgonjwa wa fibromayaljia, ndiyo maana tunapima. Lakini maumivu ya fibromayaljia hutokana na jinsi ubongo na uti wa mgongo vinavyokuza ishara za maumivu. Hakuna tangi linalosubiri kujazwa. Na sumu? Muulize muuzaji sumu gani, kwa jina, na inapimwaje.

Dripu nayo ilijaribiwa. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wagonjwa 34 wa fibromayaljia ama dripu ya vitamini ama maji ya chumvi kwa wiki nane. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na mtu hununua tiba siku alizozidiwa. Wiki inayofuata angepata afueni hata kwa maji, sifa zikaenda kwa muuzaji.

Vitamini angalau huandikwa kwenye kopo. Vipo vidonge na unga wa “maumivu ya viungo” vinavyoitwa vya asili tupu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu virutubisho vya aina hiyo vilivyokutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, ambazo hazikuandikwa popote. Steroidi humfanya mtu ajione mwepesi ndani ya siku mbili, hamu ya kula inarudi, uso unajaa, sukari na presha vinapanda kimyakimya. Ambaye ametumia kitu cha namna hiyo kwa wiki nyingi asikiache ghafla. Tezi za juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huwa zimelala, na kukata mara moja huweza kumwangusha. Apelekwe kwa daktari na kopo lenyewe.

Tiba zisizo za vidonge sizikatai. Mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2017 kuhusu fibromayaljia yaliyapa mazoezi uzito kuliko dawa yoyote. Yoga, tai chi (mazoezi ya taratibu ya Kichina), tiba ya kuingia ndani ya maji na akupancha (tiba ya sindano) zikapewa uzito mdogo zaidi. Anza na dakika tano hadi kumi za kutembea, siku tatu kwa wiki, uongeze dakika moja au mbili kila wiki. Siku ukijisikia vizuri usifanye mara mbili, utalala siku tatu. Kwa sasa, nyayo zikiwa na ganzi, vaa viatu vilivyofunika na ukague miguu kila jioni.

Ile dawa ya usiku usiianze mwenyewe ulipoiachia. Rudi kwa aliyekuandikia, majibu ya damu yakiwa mkononi, na umtajie kila kopo la nyumbani. Kama lipo la 5-HTP, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa serotonini, litaje la kwanza, maana halichanganywi na dawa nyingi tunazotumia kwa ugonjwa huu.