Jenereta la gari la kambi linawaka kwa choki tu

Swali: Nina lori dogo tulilolitengenezea vitanda na jiko kwa ajili ya wageni wa Hifadhi ya Ruaha. Kwenye boksi la ubavuni kuna jenereta la petroli la kVA 2.5, injini aina ya 168F. Tangu Novemba lilikuwa limeegeshwa na mafuta ndani. Sasa hapa Iringa mjini linawaka nikivuta choki. Nikiirudisha, linapanda na kushuka mwendo, taa zinakonyeza, mwisho linazima. Fundi mmoja anataka kupanua jeti (kipande chenye kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) kwa waya, mwingine anasema ninunue kabureta mpya, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nimsikilize nani?

Jibu: Wa kwanza mkatalie kabisa. Wa pili mwambie asubiri hadi kabureta ifunguliwe na kuonekana.

Choki inabana hewa ili injini ivute petroli zaidi. Injini iliyokwisha kupata moto na bado inaidai choki ina njaa ya mafuta. Kwa Iringa dalili hiyo ina uzito zaidi: mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kiwandani kwa nchi ya chini inapaswa kumwaga mafuta kupita kiasi hapo. Kama hata hapo haitoshelezi, njia imeziba. Na ukiteremka Ruaha, ambako kando ya mto ni chini ya mita 1,000, hewa inakuwa nzito na upungufu huo utazidi. Jenereta linalojikongoja Iringa litakuaibisha mbele ya wageni.

Kilichoziba ni petroli yenyewe. Sehemu nyepesi zimeruka, iliyobaki imeingiliana na hewa na kuwa ulimbo wa kahawia wenye harufu ya vanishi. Kwenye tanki hauonekani sana, lakini tundu la jeti kubwa halifiki hata milimita moja, na la jeti ndogo ni dogo zaidi ya hilo.

Kabla ya kufungua chochote, toa mafuta ya zamani yote, tia mapya, kisha fanya jaribio moja. Weka glasi chini ya kikombe cha kabureta, yaani bakuli dogo la petroli lililo chini yake, na ulegeze boliti ya kumwagia, spana namba 10. Angalia glasi: matone ya mviringo yanayotulia chini ni maji, jambo la kawaida kwa tanki lililokaa nusu katika baridi za usiku za Nyanda za Juu. Boliti ikiwa bado wazi, fungua koki, ile valvu ya petroli itokayo tankini. Petroli ikitiririka bila kukatika, tatizo liko ndani ya kabureta. Ikidondoka kidogo kidogo, legeza kwanza kifuniko cha tanki. Mtiririko ukirudi, tundu lake la kupumulia limeziba. La sivyo, safisha kichujio cha koki na mpira wa mafuta, pengine kazi itaishia hapo.

Kuna namna ya kujua ni jeti ipi. Likipanda na kushuka bila mzigo kisha likatulia ukiwasha birika la umeme, jeti ndogo ndiyo iliyoziba. Likizima pale unapoweka mzigo, ni jeti kubwa. Lako lina dalili za zote mbili, hivyo fungua zote.

Fanya kazi nje, mbali na jiko la mkaa. Funga koki, chomoa waya wa plagi. Toa boksi la kichujio cha hewa, halafu kabla ya kugusa kabureta piga picha mbili tatu kwa simu: fito ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) na springi yake nyembamba viko kwenye tundu gani, na gasketi zimepangana vipi. Watu huona hili ni jambo dogo. Lakini springi ikirudi kwenye tundu jingine, mwendo wa injini unabadilika na umeme pamoja nao. Gasketi ya upande wa kichujio ikigeuzwa, inaweza kuziba tundu linalokipa kikombe pumzi, na utakaa siku nzima ukisafisha kabureta ambayo tayari ni safi.

Kabureta ikiwa mkononi, fungua boliti ya kikombe, vuta kipini cha boya, kile kielea kinachofunga na kufungua petroli kwa sindano, utoe boya na sindano yake. Ncha ya sindano iangalie kwenye mwanga: ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, haitafunga tena vizuri, badilisha. Jeti kubwa iko katikati, ndani ya nguzo. Tumia bisibisi bapa inayojaa mfereji wake sawasawa, kwa sababu shaba ni laini na mfereji ukiliwa jeti haitoki tena. Nyuma yake kuna kijiti chenye vitundu ubavuni. Gonga kabureta taratibu kwenye kiganja kitadondoka. Wengi hukisahau humo ndani, na vitundu vyake vinabaki na ulimbo. Jeti ndogo iko juu, chini ya skrubu ya kurekebisha mwendo, mara nyingi ikiwa na kichwa cha plastiki. Ing'oe kwa kuiinua pole pole.

Inua jeti kubwa kuelekea jua. Unatakiwa kuona duara kamili. Ukiona mwezi mchanga au giza, umempata mwizi.

Sasa kuhusu ule waya. Jeti ni kipimo, si bomba tu. Ukiongeza upana wa tundu kwa asilimia 10, eneo la kupitisha mafuta linaongezeka kwa asilimia 21, na hapo Iringa injini tayari inapewa mafuta mengi kuliko hewa yake. Plagi itajaa masizi, ulaji utapanda, na hakuna namna ya kulirudisha tundu. Spoku ya baiskeli, sindano ya kushonea na pini, vyote ni chuma kigumu kuliko jeti. Chukua kipande cha waya laini wa umeme, umenye, utoe uzi mmoja wa shaba nyekundu. Unene wake ni kama milimita 0.2 na ni laini kuliko jeti. Kwa uzi huo sukuma ulimbo uliokwisha kulainika, usikwangue.

Kulainisha ni kazi ya dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta. Vaa miwani, inarudi usoni. Toa kwanza boya, orini (pete za mpira) na kila kilicho cha mpira au plastiki. Elekeza mrija kwenye kila njia hadi uone dawa ikitoka upande wa pili, hasa vile vitundu vidogo karibu na kipepeo, kile kibati cha duara kinachofungua na kufunga njia ya kuingia kwenye injini. Acha dakika 15, rudia. Kwa ulimbo mgumu, loweka vipande vya chuma kwenye thina usiku kucha. Thina isiguse mpira, utavimba. Malizia kwa upepo wa kompresa, hata wa fundi pancha, lakini boya na sindano vikiwa vimetolewa.

Ukirudisha boya, jaribu sindano kwa mdomo kupitia mpira safi uliochomekwa kwenye njia ya mafuta: kabureta ikiwa juu chini, pumzi isipite, ukiisimamisha sawa, ipite. Jaribio hili la sekunde tano linakuokoa na kikombe kinachofurika.

Kabla ya kuwasha, nusa kijiti cha oili. Lori likipita barabara mbovu ya kwenda Ruaha na koki ikiwa wazi, boya hurukaruka na petroli inaweza kushuka hadi kwenye injini. Oili ikinuka petroli au ikiwa imepanda kupita alama, mwaga, weka mpya, lita 0.6.

Liwashe na urudishe choki taratibu. Kipimo cha umeme chenye hertz kisomeke kati ya 50 na 53 bila mzigo, na kisishuke sana ukiweka birika. Usitegemee nguvu zote za kwenye kibandiko: injini hizi hupoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo Iringa hesabu pungufu ya karibu asilimia 18. Mkipeleka wageni Hifadhi ya Kitulo, karibu mita 2,600, pungufu hufika asilimia 30 na moshi mweusi utaonekana. Huko dawa ni jeti ndogo zaidi ya kiwandani.

Kabureta mpya nunua ukikuta unga mweupe wa kutu umechimba mwili wa kabureta, au mhimili wa kipepeo unacheza ukiutikisa. Hapo kusafisha hakusaidii.

Mwisho wa msimu funga koki, liache liwake hadi lizime lenyewe, kisha legeza ile boliti ya kumwagia. Hata likizima kwa kukosa mafuta, kijiko kimoja cha petroli hubaki chini ya kikombe.