Mpokonye mpira kwanza, ndipo umpime

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: gadi (mchezaji wa nje anayepandisha mpira na kupanga mashambulizi) anayetamba kwenye kikapu cha vyuo vikuu Marekani, mtu atajuaje kama ataiweza NBA, ligi ya kulipwa? Wengi huanza na pointi zake kwa mechi. Mimi naziweka mwisho kabisa. La kwanza kuuliza ni hili: mpira ukiwa mikononi mwa mwingine, kijana huyu ana kazi gani uwanjani?

Chuoni nyota hukabidhiwa mpira na wenzake wote wanne hucheza kumfuata yeye. Akifika NBA anamkuta nyota mwingine, na mpira una mwenyewe. Yeye ataingia kutoka benchi dakika 12 au 15, asimame pembeni, akate njia, akabe, na arushe pale tu anapopewa. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, ambako klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ana uhakika wa mshahara wa misimu miwili. Wa tatu na wa nne ni hiari ya klabu. Kwa hiyo ninaposema amefaulu nina maana amepata mkataba wa pili, na gadi wengi huupata au kuukosa kwa kazi hizo ndogo ndogo.

Mtazameni Jimmer Fredette wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Msimu wa 2010-11 aliongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi 28.9, akachaguliwa wa 10 kwenye drafti, akatua klabu ya Sacramento. Mtupo wake alikwenda nao: kwa maisha yake ya NBA amefunga takriban asilimia 37 ya pointi tatu, na hicho ni kiwango cha heshima. Lakini alizoea kudunda mpaka apate nafasi, na mbele ya wakabaji warefu na wepesi zaidi nafasi ile haikupatikana tena. Akiwa analinda, wapinzani walipitia kwake. Baadaye, huko Shanghai, China, alipokabidhiwa timu, pointi zilirudi kwa wingi. Hakupungukiwa kipaji. Alipungukiwa kazi ya pili.

Linganisheni na Stephen Curry, nyota wa NBA. Drafti ya 2009, ile ambayo Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania alichaguliwa wa pili, Curry alikuwa wa saba. Msimu wa 2007-08 pale Chuo cha Davidson mpira ulipandishwa na Jason Richards, ambaye ndiye aliyeongoza nchi kwa asisti, yaani pasi za kufungisha. Curry alikuwa mkimbiaji wa skrini: anapita nyuma ya mwenzake anayemzuia mkabaji, anapokea, anarusha. Alifunga mitupo 162 ya pointi tatu, rekodi ya msimu mmoja kwa wakati ule. Richards alipohitimu, Curry akashika usukani mwenyewe, akafunga 28.6 kwa mechi na kutoa asisti zaidi ya tano. Kwa hiyo ushahidi wa kazi zote mbili ulikuwa kwenye video kabla ya drafti, kwa aliyetaka kuutazama.

Sasa mtupo wenyewe. Asilimia ya pointi tatu ya msimu mmoja wa chuo hudanganya kwa sababu mitupo ni michache. Aliyerusha 150 na kufunga 60 ana asilimia 40 na anasifiwa kila mahali. Sita tu zikigonga pete na kutoka, ana 36, na hakuna anayemtaja. Mitupo sita katika mechi zaidi ya thelathini ni bahati tupu. Ndiyo maana natazama kwanza mitupo huru, ile ya adhabu baada ya faulo: mita 4.57 chuoni, mita 4.57 NBA, hakuna anayekukaba, mkono wako peke yako. Kipimo changu ni hiki: asilimia 80 kwenda juu inanipa imani, chini ya 70 inanitia shaka hata kama pointi tatu zinaingia. Markelle Fultz, chaguo la kwanza la 2017, alifunga asilimia 41.3 ya pointi tatu Chuo Kikuu cha Washington, lakini mitupo huru 64.9 tu. Haki isemwe, baadaye alikutwa na tatizo la mishipa kwenye bega, na hilo hakuna takwimu ingelitabiri. Hata hivyo, ile 64.9 ilikuwa dalili kwamba 41.3 haikusimama imara.

Baada ya hapo hesabuni alirusha mara ngapi na kutoka wapi. Mstari wa chuo uko mita 6.75, wa NBA, ukitoa pembeni, ni 7.24. Karibu nusu mita ni kubwa kwa anayevuta nguvu kutoka begani. Anayerusha saba kwa mechi, baadhi akiwa hatua nzima nyuma ya mstari, ananishawishi kuliko anayerusha mbili akiwa peke yake, hata huyu wa pili akiwa na asilimia kubwa zaidi.

Kuhusu kuingia ndani, kumbukeni kwamba chuoni mlinzi anaruhusiwa kupiga kambi chini ya kikapu muda wote, wakati NBA asiyemkaba mtu akipitisha sekunde tatu pale ni kosa. Gadi anayepenya hadi kwenye pete huku wenzake wawili hawajui kurusha na eneo limejaa miili atapata hewa zaidi NBA. Lakini atakutana na majitu yanayofuta mitupo, kwa hiyo awe na mtupo wa juu wa kuelea kutoka mita tatu au nne, na ajue kusimama kwa miguu miwili. Jalen Brunson hajawahi kuwa mwepesi kupita kiasi. Aliishi kwa breki, bega na miguu iliyotulia pale Chuo Kikuu cha Villanova, akatwaa ubingwa wa vyuo 2016 na 2018, na bado klabu zilimwacha hadi nafasi ya 33.

Tafuteni video ya skrini 20 mfululizo, si zile zilizochujwa. Mkabaji anapokwama, gadi mzuri hakimbii. Hupunguza mwendo, humweka mkabaji mgongoni, hutazama mlinzi mrefu aliye mbele yake anafanya nini. Mrefu huyo akirudi nyuma, gadi anarusha au anaelea. Mrefu akimjia, pasi inatoka kabla hajafika. Pasi ninayoitafuta ni ile ya mkono mmoja, moja kwa moja kutoka kwenye kudunda, kwenda kona ya mbali. Anayehitaji kushika mpira kwa mikono miwili kwanza amechelewa, na NBA kuchelewa hivyo ni mpira kunyakuliwa. Tyrese Haliburton alikuwa na pasi hiyo Iowa State, na mtindo wake wa ajabu wa kurusha ukawafanya wengi wampuuze hadi nafasi ya 12.

Kwenye ulinzi kimo peke yake hakitoshi, pimeni mikono. Donovan Mitchell ana kimo cha takriban sentimita 186 bila viatu, na mikono iliyonyooshwa inafika 208. Asiye na mikono awe na kifua na akili: Fred VanVleet, ambaye hakuchaguliwa kabisa 2016, hasukumiki, na mikono yake iko kwenye mpira daima. Asiye na kimo, mikono wala nguvu atatafutwa kila shambulizi, na kocha atamtoa.

Msiharakishe kwa sababu ya mashindano ya Machi, yale ya mtoano yanayotoa bingwa wa vyuo. Kemba Walker na Shabazz Napier wote waliibeba Connecticut hadi ubingwa, 2011 na 2014, na wote walitajwa wachezaji bora wa fainali. Walker akawa nyota wa All-Star, mechi ya nyota wa NBA, mara nne, Napier akawa wa benchi. Mechi sita hazitenganishi watu kama hao. Umri unasaidia zaidi, hasa sasa ambapo malipo na uhamisho rahisi vinawabakiza gadi wa miaka 23 vyuoni. Ulizeni alikuwaje akiwa na 19, kabla hajawazidi wenzake mwili. Sisemi mkubwa atupwe: Damian Lillard alikaa Weber State miaka minne, kwenye ligi ndogo, lakini mitupo huru karibu asilimia 89 haitegemei ukubwa wa mpinzani.

Mkibaki na shaka, msubirini kwenye ligi ya kiangazi, ambako klabu za NBA huwajaribu wachezaji wapya, Las Vegas, mwezi Julai. Chuoni ana sekunde 10 kuvuka nusu ya uwanja, huko ana nane, na saa ya kurusha, muda ambao timu lazima irushe ndani yake, inashuka kutoka sekunde 30 hadi 24. Tazameni shambulizi linaanza sekunde ya ngapi akikabwa uwanja mzima. Ikiwa kila mara saa inasoma 15 na yeye bado anampa mgongo mkabaji wake, pointi 20 atakazofunga usiku ule zisiwabadilishe mawazo.