Mwaka wa kwanza, nisikilizeni kabla hamjachomeka jeki

Alhamisi nilipita skuli yetu ya muziki kuazima stendi ya kinanda, nikakuta mazoezi ya taarabu yanaanza ghorofani. Kijana mmoja mpya, gita begani, viatu vyeupe pepepe, akamuuliza maalim wa fidla: "Hii iko kii gani?" Maalim akamjibu: "Bayati," yaani moja ya makamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Kijana akatoa simu, akaanza kutafuta. Nikamwona anapandisha kidole, anashusha, anapandisha tena, mwisho akarudisha simu mfukoni na kuanza kutembeza skeli ya D maina kwa nguvu zote, kwa imani ya mtu ambaye hajawahi kuaibika mbele za watu.

Nilitaka kucheka, kicheko kikakwama. Yule kijana ni mimi miaka kumi na moja nyuma, kasoro viatu.

Basi naandika. Mimi si mwalimu wenu. Napiga kinanda hotelini siku tatu kwa wiki, Jumapili nafundisha watoto, na studio wakiniita naenda. Lakini nimechoka kuwaona kila mwaka mkitumbukia shimo lile lile, na ninyi wenyewe nawapenda, ndiyo maana maneno yatakuwa makali.

1. Metronomu. Iwasheni.

2. Njoo na jeki yako, yaani waya wa kuunganisha chombo na spika, nyuzi za akiba, penseli na adapta. Jeki yangu mimi nimeizungushia utepe mwekundu ili isipotee. Inapotea vile vile.

3. Msilikimbie darasa la taarabu.

Hapa mtanistahimilia, maana hili ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Niliingia skuli na mpango mmoja tu: jazi, neosoli, halafu Boston. Nilikuwa na picha ya Berklee, chuo cha muziki cha huko Boston, ukutani, juu ya kitanda, mahali ambapo mama alitaka kuweka kalenda ya swala. Darasa la taarabu lilikuwa Jumanne, la lazima, na mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha nikiangalia majahazi. Niliuona ule muziki wa bibi yangu. Vikundi vya taarabu vipo, Ikhwani Safaa wanapiga tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na mimi mwenye miezi mitano ya kinanda nikaona wamepitwa na wakati.

Muhula wa pili nikajifunza tu-faivi-wani, ule mfuatano wa jazi wa kodi tatu, kodi yaani sauti zinazopigwa pamoja. Mnajua ugonjwa huu. Nikaiweka kila mahali, kama mtu aliyeonja pilipili kwa mara ya kwanza na sasa anaitia hadi kwenye chai. Nikaitia kwenye kopi za rege, nikaitia kwenye wimbo wa kuzaliwa.

Wakati huo kikundi kimoja cha taarabu kikapata dharura. Mpiga kinanda wao alikwenda Bara msibani, nao wana harusi Jumamosi. Maalim akanitaja. Akaniambia neno moja tu: "Nenda Ijumaa ukawasikilize kwanza." Ijumaa ile nilikuwa na jemu, kupiga na wenzangu. Nikawaambia wanitumie nyimbo kwenye simu, nikakaa nazo saa mbili, nikaandika kodi kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Harusi ilikuwa kubwa. Kina mama wamejaa, sare za rangi mbili, udi na vikuba vinanukia mpaka jukwaani. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa nahawandi. Nahawandi ni jirani wa maina, hata kodi zangu ziliketi vizuri, na mzee mmoja wa fidla akanitupia jicho la kuridhika. Kichwa kikavimba. Nikajisemea, hawa walikuwa wakinisubiri mimi.

Wimbo wa pili ukawa bayati.

Kwa ambao Jumanne mko dirishani kama nilivyokuwa mimi: ile E ya bayati inayoanzia D si E, wala si E flati. Inakaa katikati, kwenye ufa baina ya kitufe cheupe na kitufe cheusi. Fidla inaipata kwa kidole, udi unaipata kwa sababu hauna vigawanyo shingoni, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa, inaipata kwa vile vijiti vidogo ambavyo mpigaji anavigeuza kwa mkono wa kushoto. Kinanda changu kilikuwa na nyeupe na nyeusi. Mimi nikaingia na E maina seveni flati faivi, nikapita A seveni pamoja na C shapu ambayo hakuna mtu aliyeialika, nikatua D maina. Kwa madaha kabisa. Nikarudia.

Bibi aliyekuwa akiimba hakunyamaza. Aliifunga tu sauti kidogo, kama mtu anayepita na nguo nyeupe pembeni ya tope. Fidla zikagawanyika: mbili zikamfuata bibi, moja ikaona haya ikanifuata mimi, sasa zikawa E mbili ukumbini, kila moja inamshtaki mwenzake. Kulikuwa na mama mmoja ameshanyanyuka kwenda kutunza, noti ya 10,000 juu, bega mbele, anakuja polepole kama itakiwavyo. Alipofika katikati akasimama. Akaangalia jukwaani kama aliyesikia kitu kimevunjika jikoni kwake. Kisha akageuka na noti yake akaenda kukaa.

Aliyekaa karibu yangu alikuwa mpiga akodioni. Chombo chake nacho hakina robo sauti, na usiku kucha alikuwa akifika kwenye ile E anaipita, anaziba pumzi, anaendelea mbele. Yote haya yalikuwa yakifanyika nusu mita kutoka sikio langu la kulia. Akaniinamia akanong'ona: "Iruke."

Nami nikairuka. Nikapanda okteva.

Wallahi, nikipiga mswaki asubuhi bado nakumbuka. Nilipanda okteva, nikaipiga ile kodi juu kule, inang'aa, kila mtu aisikie vizuri. Mzee wa besi akaegemeza besi lake ukutani, akaja taratibu nyuma yangu huku akiwachekea watu, akachomoa jeki. Akarudi kwenye besi. Hakukosa hata mapigo manane.

Nyimbo tatu zilizofuata nilipiga bila sauti. Ningefanya nini? Watu wananitazama, kamera ya harusi inazunguka. Nikawa nabonyeza, natikisa kichwa, natabasamu. Kwenye ile video nipo, nimechangamka kuliko wote.

Baada ya shughuli nilitarajia nisemwe. Hakuna aliyenisema. Kiongozi wao akahesabu 20,000, malipo yangu kamili, akaniwekea mkononi na kunifunga vidole. "Ahsante, mwanangu. Umejitahidi." Anayetoka Unguja hahitaji kuelezwa uzito wa "umejitahidi". Ningepigwa kibao ningelala vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni lililobaki, maana hapo sijafika penye kuuma. Wiki iliyofuata nikamsimulia maalim, nusu nikilalamika kwamba kinanda hakifai kwa taarabu. Maalim akakivuta kile kinanda, kile kile cha skuli nilichokibeba harusini. Upande wa kushoto juu kilikuwa na vitufe vidogo kumi na viwili, kimetengenezwa kwa ajili ya wapigaji wa Kiarabu. Akabonyeza kimoja kwa kidole cha mwisho, akapiga E. Ikashuka robo. Bayati nzima ikatoka, safi. Miezi mitano nilikuwa nikiweka kikombe cha chai juu ya vitufe vile.

Kile kikundi hakikuniita tena kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo nilihamia mstari wa mbele Jumanne, nikakaa na mpiga kanuni, akanikataza kugusa chombo mpaka niweze kuimba bayati, rasti na hijazi kwa mdomo bila kuteleza. Ilinichukua muda mrefu kuliko nitakavyokiri hapa. Nilipoitwa tena, mzee wa besi alisimama nyuma yangu na mkono kwenye jeki mpaka katikati ya wimbo wa pili.

4. Nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, daraja la 5 ndiyo mlango wa kawaida wa daraja la 6 la vitendo, na bado kila mwaka kuna bingwa anayepiga kama malaika na amekwama pale kwa sababu hataki kuandika skeli kwenye karatasi.

5. Andika kodi kwa kii ya mwimbaji wako, siyo ya rekodi.

6. Ndoto.

Mnaniuliza sana hili, mkishuka ngazi, mkidhani sioni aibu kulijibu. "Dada, mtu akimaliza hapa anakwenda wapi?" Haya. Darasa letu tulikuwa kumi na wawili. Watano tuko kwenye bendi za hoteli, Nungwi, Paje na mjini. Wawili wanafundisha. Mmoja anapiga udi Muscat na kila Idi anatutumia picha ya gari. Mmoja ameolewa Pemba na ana sauti inayonifanya nikasirike kila nikiikumbuka. Mmoja anauza simu Darajani, na hadi leo ndiye mpiga dramu bora niliyewahi kukaa naye. Ukimpigia saa kumi jioni saa mbili usiku yupo jukwaani na vijiti vyake. Mmoja hatujui aliko. Na yule tuliyemcheka kwa sababu kila mazoezi alikuwa anakunja nyaya na kuuliza maswali ya miksa, ni fundi mitambo, na anatukopesha sisi wote.

Boston hakwenda mtu. Picha niliibandua mwenyewe, mama akapata pa kuweka kalenda yake.

Sisemi msiende. Huku kwetu kwenda kusomea muziki ni jambo la zamani: inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimtuma Muhamed Ibrahim hadi Cairo akajifunze kanuni, akarudi nayo. Siti binti Saad alipanda meli 1928 kwenda Bombay kurekodi, akiwa ameshaijua kazi yake kabla ya kukanyaga meli. Wewe unataka kwenda na nyimbo nne za kopi na akaunti ya mtandaoni. Na mkisikia mwezi wa Februari Sauti za Busara wako Ngome Kongwe, msiende kupiga picha na wasanii tu. Tamasha lile lipo tangu 2004; nendeni mchana, mkaangalie saundcheki, yaani majaribio ya sauti kabla ya onyesho, muone jinsi bendi za watu zinavyopanda, zinavyopanga, zinavyoshuka kwa wakati. Mimi nilichojifunza katika saundcheki moja pale, kwa kukaa kimya kwenye ngazi za mawe, sijakipata darasani.

7. Fedha, na hili hamtafundishwa.

Kuna kodi za kinanda na kuna kodi ya nyumba, na zile za kwanza hazilipi hii ya pili mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani muziki unanyamaza. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinabaki na wageni wawili na paka. Ramadhani yenyewe inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka vipindi hivi viwili vinaungana na kuna miaka vinafuatana, mkabaki na miezi mitatu bila geji, yaani bila kazi ya kupiga. Tazama kalenda kabla hujanunua kinanda kwa mkopo. Tafuta wanafunzi wa kuwafundisha mapema. Watoto wakifika Machi mkononi mwako, Aprili utakula.

Nauli taja kando ya malipo. Mwaka wangu wa kwanza kwenye hoteli nilikubali 30,000 "kila kitu ndani". Nungwi ni kilomita sitini hivi kutoka mjini. Tukamaliza saa sita usiku, gari hakuna, teksi inataka zaidi ya nilichopewa. Nikalala kwenye maegesho nikiegemea boksi la kinanda, mlinzi wa Kimasai akanipa kona ya shuka lake, asubuhi nikapanda daladala 116 ya kwanza. Konda akaangalia lile boksi akaniambia, "Dada, na hilo jeneza linalipa."

Lililipa.

8. Wimbo ukiisha kuuandika, usajili COSOZA, wanaosimamia hakimiliki Zanzibar, na mkiutunga wanne andikeni majina manne siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnapendana.

9. Usile urojo kabla ya kuimba. Sina maelezo, utaona.

10. Yule wa viatu vyeupe: usihame chumba. Nimeuliza, nimeambiwa umemwomba maalim akutoe Jumanne akupeleke kwenye bendi ya kopi. Njoo Jumapili saa nne nikishamaliza na watoto, kile kinanda bado kipo, nitakuonyesha vile vitufe kumi na viwili, halafu tutaviacha na tutaimba. Gita lako lina vigawanyo shingoni, nalo haliipati ile E mpaka uvute uzi, kwa hiyo una kazi kuliko mimi.

Uje na jeki yangu pia. Ile yenye utepe mwekundu. Nilikuona Alhamisi ukiikunja na kuitia kwenye mkoba wako, na Jumamosi nina Nungwi.